MHANDISI KIJANA ASIACHWE PEKE YAKE NA MASHINE

KILA mwaka, mahafali ya vyuo vikuu vyetu yakishapita na majoho yakisharudishwa yalikoazimwa, kundi jingine la vijana waliosomea uhandisi na sayansi ya kompyuta huripoti kazini katika wizara, idara, mamlaka na halmashauri zetu. Hupokewa vizuri. Mkuu wa Kitengo huwakaribisha, Afisa Utumishi huwafungulia majalada, huonyeshwa meza, kiti na kompyuta, na kabla ya juma kwisha huwa wamekwisha kupewa neno la siri la kuingilia katika mfumo unaotegemewa na maelfu ya wananchi. Kisha huachwa.

Neno hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Hatusemi kwamba vijana hawa hawana kazi; kazi wanazo, na nyingine ni nzito kupita umri wao. Tunasema kwamba hawana mtu. Hakuna mhandisi mkubwa aliyeambiwa na ofisi, kwa maandishi na kwa saa za kazi, kwamba kijana huyu ni wako: utakaa naye, utaisoma kazi yake, utamsahihisha, na baada ya miaka mitatu tutakuuliza amekuwa mhandisi wa namna gani.

Wasomaji wetu wengi ni watumishi wa Serikali na walimu, na huenda baadhi yao wakajiuliza mambo ya mafundi wa kompyuta yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Mwalimu wa Kibondo anayetaka kuhamia karibu na mumewe hategemei tena barua ya karatasi peke yake. Anaingia katika mfumo wa watumishi, ESS, na humo ndimo ombi lake linamopita. Mwananchi anayelipia ada ya Serikali anapewa kumbukumbu namba ya malipo kutoka katika mfumo wa GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017, na ambao ulijengwa na wataalamu wetu wenyewe. Malengo ya kazi ya mtumishi, ambayo zamani yalijazwa katika fomu za OPRAS, tangu mwaka wa fedha 2023/24 yanajazwa katika PEPMIS. Nyuma ya kila kimoja cha vyombo hivi kuna wahandisi, na si ajabu aliye zamu usiku wa leo akawa kijana wa miaka 26. Akiwa amelelewa vizuri, mwalimu wetu wa Kibondo hatapata hata kujua kwamba kijana huyo yupo duniani. Akiwa hakulelewa, atamjua kwa adha.

Taifa letu lina sababu yake maalumu ya kulitafakari jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye ilifuatwa na nyingine kubwa zaidi, ambayo ilikusudiwa kubeba hesabu za Serikali. Matokeo hayakuwa yaliyotarajiwa. Hesabu zilivurugika, ikabidi kurudi kwenye mashine za hesabu za kizamani. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, na ilichukua miaka mingi kabla ya amri hiyo kulegezwa hatua kwa hatua.

Wako wanaoikumbuka amri ile kwa kuicheka, kana kwamba wazee wetu waliogopa mashine. Sisi hatuicheki. Serikali changa yenye fedha kidogo za kigeni ilikuwa imenunua chombo cha gharama kubwa, huku wataalamu wenyeji wa kukiendesha wakiwa wachache mno, na wageni waliokijua wakiwa hapa kwa mikataba tu. Mgeni akifunga mizigo anaondoka na ujuzi wake. Mashine haikuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni watu waliofunzwa wakabaki.

Wakati huohuo, katika ujenzi wa reli ya TAZARA, mambo yaliendeshwa kwa namna nyingine. Kazi ilianza mwaka 1970 na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Katikati ya ujenzi, mwaka 1972, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Peking kusomea kazi za reli. Na huku nyumbani, kandokando ya njia kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, maelfu ya vibarua na mafundi wachanga walijifunza kwa kufanya, bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Mara nyingi hapakuwa na lugha ya kuelewana. Fundi alifanya, kijana akatazama. Kijana akafanya, fundi akatazama. Reli ile imepata matatizo yake mengi tangu hapo, wala hatuna nia ya kuyafunika. Lakini waliojenga walikuwa wanajua kwamba kufundisha ni sehemu ya kujenga, nao waliipangia kazi hiyo watu na wakati.

Kwa msomaji asiyeijua kazi ya kompyuta, ni vema tueleze kidogo ikoje. Mhandisi wa programu huandika msimbo, yaani maandishi ya amri ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno bila kuuliza. Mfumo mmoja wa taasisi kubwa unaweza kuwa na mistari laki kadhaa ya maandishi hayo, iliyoandikwa na mikono mingi kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya elimu inayohitajika ili kuutunza haimo katika kitabu chochote, wala mhadhiri hawezi kuifundisha, kwa sababu yeye hajapata kuuona mfumo huo. Kwa nini jedwali hili lina safu mbili za tarehe? Kwa nini kazi ya kufunga hesabu za mwezi inaanza saa 8 usiku na si saa 6? Nani aliyekubaliana na benki kwamba muamala ukikatika katikati urudiwe mara tatu tu? Majibu yamo kichwani mwa mtu mmoja aliyekuwapo. Akihama, akistaafu au akifariki, anakwenda nayo.

Chukua mfano wa kijana ambaye katika juma lake la pili kazini amepewa kurekebisha hesabu ya siku za likizo. Anaandika. Anajaribu kwa tarehe za mwezi ule, anaona inakubali, anaiingiza katika mfumo unaotumika. Hakuna aliyeisoma. Hesabu yake haikufikiria mwaka mrefu, basi kosa linalala kimya mpaka tarehe 29 Februari, ambapo watumishi wa mikoa yote wanaamka na kukuta siku zao zimepungua. Hapo ndipo kijana anapata wasomaji. Anaitwa, anaulizwa mbele ya watu, anaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Tangu siku hiyo anakuwa amejifunza mambo mawili: kwamba asiguse kitu asichoambiwa kukigusa, na kwamba kosa likitokea ni kulificha. Ofisi ilikuwa na mhandisi mkononi, ikamgeuza kuwa karani mwoga.

Lau angelikuwapo mzee mmoja mwenye uzoefu, akaisoma kazi ile kwa dakika 20 kabla haijaingizwa, angeliuliza swali fupi tu, "Na Februari je?" Kijana angelicheka, angelirekebisha, na asingelisahau maisha yake yote.

Kusomana kazi namna hiyo si jambo jipya wala si la anasa. Mwaka 1976 Michael Fagan, mhandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani, alichapisha maelezo ya utaratibu wa kuukagua msimbo kwa pamoja kabla haujatumika, na tangu hapo timu zinazojiheshimu duniani kote zimekuwa na utaratibu wa namna hiyo kwa sura mbalimbali. Faida yake ya kwanza ni kukamata makosa. Faida ya pili, ambayo sisi tunaiona kuwa kubwa zaidi, ni kwamba kila usomaji ni somo. Mdogo anajifunza mkubwa anavyofikiri. Tena mkubwa naye akikubali kazi yake isomwe na mdogo, basi mdogo anajifunza kwamba hata mkubwa hukosea, na kwamba kuuliza si utovu wa adabu. Katika ofisi zetu, ambamo heshima kwa mkubwa ni jambo jema tulilorithi, somo hili la pili linahitaji kufundishwa kwa makusudi. Kijana wa Kitanzania hatamwambia mzee wake "hapa umekosea" mpaka mzee mwenyewe amfungulie mlango.

Pwani yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Nenda Nungwi, kaskazini ya Unguja, utazame vyombo vinavyoundwa ufukweni. Kijana hapewi kuchonga mkuku siku ya kwanza. Anamshikia mwenziwe ubao. Anatoboa kwa keke. Anakalafati, akiupenyeza uzi wa pamba uliolowa mafuta katika kila upenyo wa mbao. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa, lakini ndiyo inayoufundisha mkono wake kila mahali maji yanapoweza kuingia. Na fundi hamwachi. Akipita anapapasa kwa kidole, akiona palipolegea anasema rudia. Hiyo ndiyo maana Kiswahili chetu kimeyaweka maneno funda, fundi, fundisha na mwanafunzi katika ukoo mmoja.

Walimu nao hawahitaji kuelezwa. Mwalimu mwanafunzi hukaguliwa akiwa katika mazoezi ya kufundisha: mkufunzi huketi nyuma ya darasa na daftari lake, akatazama andalio la somo, akasikia swali lililoulizwa vibaya, na kengele ikishalia wakakaa wawili chini ya mti kuzungumza. Kazini nako, mpango wa MEWAKA unawakutanisha walimu wa shule ili wasaidiane juu ya mada zinazowasumbua. Mhandisi wa programu anaomba jambo hilohilo, wala halipati.

Katika matawi mengine ya uhandisi nchi yetu ilikwisha kulitambua hitaji hili. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973, mafunzo ya vitendo viwandani yalikuwa sehemu ya masomo yake. Sheria ya kwanza ya kusajili wahandisi ilitungwa mwaka 1968, ikafuatwa na ile ya mwaka 1997. Na tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha mpango ujulikanao kwa kifupi kama SEAP. Humo mhandisi mhitimu hukaa miaka mitatu kazini chini ya msimamizi aliyesajiliwa, akiandika taarifa za kazi anazozifanya, na msimamizi akizitia saini, kabla ya kuomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Huwezi kumpa kijana aliyetoka chuoni jana daraja la Mto Ruvuma alisanifu peke yake. Sheria haikubali, na akili haikubali.

Lakini wengi wanaojenga na kutunza mifumo ya kompyuta hawapiti mlango huo. Wanaajiriwa wakiwa Maafisa TEHAMA, na kazi yao haihesabiwi kuwa daraja linaloweza kuvunjika. Tume ya TEHAMA, iliyoanzishwa mwaka 2015, imeanza kuwasajili wataalamu wa fani hii, nalo ni jambo la kupongezwa. Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo ilizaliwa ikiwa Wakala mwaka 2012 na kupewa nguvu ya Sheria mwaka 2019, ina kituo cha utafiti na ubunifu Dodoma ambako wanafunzi wa vyuo huketi na wataalamu wakijenga mifumo halisi. Tumewahi kuzungumza na vijana waliopita mahali pa namna hiyo, na tofauti yao na wenzao huonekana katika swali la kwanza wanalouliza: wao huuliza nani atautumia mfumo, wenzao huuliza utaandikwa kwa lugha gani ya kompyuta. Taabu ni kwamba malezi haya yanakoma pale ambapo ajira inaanza. Kijana anatoka kwenye kituo chenye walezi, anapangiwa halmashauri ya mbali ambako yeye ndiye Afisa TEHAMA wa pekee, na kazi yake inakuwa kutengeneza mashine za kuchapisha zilizokwama karatasi na kuandaa projekta ya kikao cha madiwani. Baada ya miaka minne, kwenye karatasi ana uzoefu wa miaka minne. Kwa kweli ana uzoefu wa mwaka mmoja alioufanya mara nne.

Wakuu wa ofisi wana jibu lao, nalo lastahili kusikilizwa. Husema: wahandisi wakubwa ni wachache, kazi zimewazidi, tarehe za kukabidhi mifumo zimetangazwa na Waziri, nani atapata nafasi ya kukaa na watoto? Na tukiwafunza, si watakimbilia mabenki na makampuni ya simu?

Tukianza na hilo la nafasi, liko jambo lililoandikwa mwaka 1975 na Mmarekani Frederick Brooks, aliyesimamia ujenzi wa programu ya uendeshaji ya kompyuta za IBM System/360. Brooks alionyesha kwamba ukiiongezea watu kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa, utazidi kuichelewesha, na sababu mojawapo ni kwamba wageni wa kazi lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni walewale waliokuwa wakiifanya. Wakuu wengi hulitumia neno hili kama hoja ya kutowafundisha vijana. Sisi tunalisoma kinyume. Kama kufundisha kunachukua muda, basi kufanyike kabla ya dharura, wakati wa utulivu, kama vile mkulima anavyonoa jembe kabla ya mvua. Ofisi isiyopata saa nne kwa juma za kumfundisha kijana leo, itazipata saa arobaini za kuhangaika siku mjuzi wake wa pekee atakapolazwa Muhimbili.

Kuhusu vijana kukimbia, ni kweli baadhi wataondoka. Hata ambao hawakufundishwa wanaondoka, tena wale wenye vipaji ndio wa kwanza, kwa kuwa kijana mwenye kiu ya kujifunza hakai kisimani pakavu. Anayebaki ni yule asiyetakiwa kwingine. Isitoshe, aliyelelewa vizuri akahamia taasisi nyingine ya nchi hii hajapotea. Ujuzi wake umehama chumba katika nyumba ileile.

Liko jambo jingine ambalo wakuu hawalisemi, kwa kuwa linawagusa. Baadhi ya wajuzi wetu hawataki kufundisha. Wameuficha ujuzi kama mganga anavyoficha mizizi, wakiamini kwamba siku kijana atakapoujua mfumo, wao hawatakuwa na kazi. Mwandishi wa maoni haya aliwahi kuikuta ofisi moja ambako maelezo yote ya namna ya kuuwasha mfumo baada ya umeme kukatika yalikuwa katika daftari la mtu mmoja, na daftari lile lilikuwa likifungiwa mezani kwa kufuli. Mwenyewe alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Hofu yake haikuzuka hewani: alikuwa ameona wenzake wakipitwa vyeo na vijana waliowafundisha, na hakuna barua yoyote ya pongezi iliyopata kuandikwa kwa ajili ya kufundisha. Tumlaumu, lakini tuulaumu kwanza utaratibu uliomfanya aone kwamba ukarimu ni hasara.

Hapa tunafika kwenye suala la kupanda ngazi. Miundo ya utumishi wetu inayo ngazi ya kitaalamu: mtu huanza Daraja la II, akaenda la I, akawa Mwandamizi, kisha Mkuu. Ngazi ipo, ila vidato vyake vimeachwa vitupu. Kwa kawaida kinachompandisha mtu ni miaka na nafasi katika bajeti, na ukimuuliza Mwandamizi ni kazi gani anayoifanya ambayo wa Daraja la II hawezi, mara nyingi atakuonyesha mshahara. Jina lenyewe linatokana na kuandama. Lakini tunao waandamizi ambao nyuma yao hakuna anayewaandama. Na mwenye kutaka zaidi ya hapo, yaani posho ya madaraka, gari na heshima ya vikao, hana njia ila kuacha uhandisi awe mkurugenzi. Hivyo tunapoteza mara mbili: mhandisi hodari anaondoka mezani, na idara inapata mkurugenzi ambaye moyo wake umebaki kwenye mashine.

Brooks huyohuyo alishauri kwamba kumtoa mtu kwenye ngazi ya ufundi na kumpeleka kwenye ngazi ya uongozi kusiitwe kamwe kupandishwa cheo, wala kusiambatane na nyongeza ya mshahara, ili kila mtu ajue kwamba ngazi hizi mbili zina heshima sawa. Kampuni yake ya zamani, IBM, tangu miaka ya mwanzo ya 1960 ilikuwa na daraja la juu kabisa kwa wataalamu wasiotaka ukubwa wa ofisi. Na katika maandishi yake mengine, ya mwaka 1986, aliongeza kwamba wabunifu bora hukuzwa: watambuliwe mapema, kila mmoja apewe mlezi wa kuwajibika kwa maendeleo yake, na kumbukumbu za safari yake zitunzwe kwa uangalifu. Tumenakili kwa wageni mambo mengi yasiyokuwa na faida. Hili lingetufaa.

Ushauri wetu kwa hiyo si wa kuunda chombo kipya, wala kamati, wala semina ya siku tatu yenye bahasha. Tunataka kazi ya kulea iandikwe mahali ambapo kazi nyingine huandikwa. Katika PEPMIS kila mtumishi anajaza kazi zake na msimamizi wake anazipima. Basi kwa kila Afisa TEHAMA Mwandamizi na Mkuu, liwemo lengo la kumlea kijana aliyetajwa kwa jina, na lipimwe kwa mambo yanayoonekana: je, kila badiliko la kijana lilisomwa kabla ya kuingia katika mfumo? Je, mwisho wa mwaka kijana anaweza kuuwasha mfumo uliozimika bila kumpigia mtu simu? Je, ameandika maelezo ambayo mgeni wa kesho atayasoma akaelewa? Na mtu asifikiriwe kuwa Mkuu kabla hajaonyesha angalau mhandisi mmoja aliyemkuza. Mwenye daftari la kufuli atalifungua mwenyewe siku atakapojua kwamba kulifungua ndiko kunakompandisha.

Kwa vijana wa halmashauri za mbali, walioko peke yao, mlezi anaweza kuwa mkoani au Dodoma. Kazi ya programu ina bahati hiyo, kwamba inaweza kusomwa kutoka mbali. Mlezi aliye Dodoma anaweza kuisoma kazi ya kijana wa Nanyumbu mstari kwa mstari na kuandika maoni yake pembeni, asubuhi kijana akayakuta. Kinachohitajika ni barua ya kuwaunganisha na saa zilizotengwa.

Utaratibu wa wazi una faida nyingine kwa wahandisi wanawake, ambao bado ni wachache katika vyumba hivi. Malezi yasiyo rasmi hufanyika jioni, baada ya kazi, mezani penye vinywaji, baina ya wanaume. Binti asiyekuwapo pale hukosa nusu ya elimu, na akiwapo husemwa. Malezi yakiwa ya saa za kazi, ya jina lililoandikwa na mlango ulio wazi, anapata haki yake bila kuulizwa alikuwa wapi. Katika mpango wa SEAP uliwahi kuwapo msaada wa Norway wa kuwawezesha wahandisi wanawake kupita mafunzo yale, na huo ni ushahidi kwamba hitaji hilo lilikwisha kuonekana.

Limezuka sasa jambo ambalo Brooks na Fagan hawakulikuta katika miaka ile. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu za akili mnemba zimekuwa mikononi mwa kila mtu, nazo zinaandika msimbo kwa kuelezwa tu kwa maneno ya kawaida. Kazi ndogondogo ambazo kijana alikuwa akianzia, ile kalafati ya mifumo, mashine inazimaliza kabla ya chai ya saa 4. Tumekwisha kusikia wakuu wakisema kwamba basi hakuna haja ya kuajiri wadogo. Tuwaulize: hao wakubwa mnaowategemea leo kuukagua msimbo ulioandikwa na mashine walitoka wapi, kama si katika kazi hizo ndogondogo? Mwaka 2040 watakuwa wamestaafu. Mashine huandika kwa ufasaha hata inapokosea, na wa kuigundua ni yule tu aliyekwisha kukosea mwenyewe mara nyingi akasahihishwa. Kijana naye anayeleta kazi aliyoandikiwa na mashine asikatazwe. Akalishwe kitako na mlezi wake aulizwe mstari huu unafanya nini, na ule je, na Februari je. Akishindwa kujibu, kazi irudi. Kwa hiyo malezi yatachukua muda mwingi zaidi kuliko zamani, wala si mchache.

Nayo mikataba na makampuni ya nje itazamwe kwa jicho hilihili. Karibu kila mkataba una kifungu cha kuhawilisha ujuzi, na karibu kila mara kifungu hicho hutimizwa kwa mafunzo ya juma moja hotelini na vyeti vya kutundika ukutani. Badala yake mkataba utaje vijana watano wetu ambao wataandika sehemu ya mfumo wao wenyewe, wakisomwa na wahandisi wa kampuni tangu siku ya kwanza; na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka hao watano wauzime mfumo mbele ya mkaguzi na kuuwasha tena, bila mgeni kugusa kitu. Wanasheria wa Serikali wanajua namna ya kuandika sharti kama hilo.

Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na malengo ya watumishi hujazwa wakati huo. Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA atakapokaa na yule mhandisi wake mkongwe, na ukurasa wa malengo ukiwa wazi mbele yao, aandike humo jina la kijana mmoja na idadi ya saa kwa juma. Kisha kijana mwenyewe aitwe, aketi nao, aambiwe.